Shangazi kaiosha ndege ya kivita ya baba

Jamani, shangazi kaisugua ndege yangu kwa mswaki na sabuni ya unga!

Ni ndege ya kivita ya plastiki, ya kuunganisha vipande, niliyomtengenezea baba. Ujanani alikuwa fundi wa ndege hizo jeshini. Masizi ya injini mkiani, mafuta yaliyovuja, rangi iliyobabuka, vyote nilivipaka kwa brashi nyembamba, kama alivyonisimulia.

Leo shangazi kaja kutoka Mashewa. Narudi nyumbani, ndege inang'aa.

“Nimekuondolea uchafu, mwanangu.”

Nikasema asante. Ningesema nini, na ni shangazi?

Nikampelekea baba hivyohivyo. Akaigeuza, akaikagua mkiani.

“Hii haijawahi kuruka,” akasema, akanirudishia.

Shangazi bado anajisifia jikoni. Ninyi mngemwambiaje?