Baba hataki kupewa heshima ya vita, na rubani wake anamsubiri Kibiti

Admin, naomba unifichie jina, maana siri yenyewe si yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja. Nimeachika, nina watoto wawili, naishi na baba yangu mzazi huku Rufiji, upande wa Mbwara. Mama alishatangulia mbele ya haki. Tunalima ufuta na mpunga kidogo. Baba ana miaka sabini na kitu, ni mtu wa msikitini, mkimya, hana ugomvi na mtu.

Baba alikuwa askari wakati wa vita ya Kagera. Hakuwa wa kushika bunduki mstari wa mbele. Alikuwa fundi kwenye uwanja wa ndege za kivita, kazi yake kufunga mabomu chini ya mbawa na kumfunga rubani mikanda kabla hajaruka. Sisi watoto tulijua hayo tu. Ukimuuliza zaidi anakwambia, "Tulifanya kazi, tukarudi." Ila vile vindege vya watalii vikipita kwenda mbugani, anaacha jembe na kusimama mpaka mlio uishe. Tulikuwa tunamtania kwa hilo.

Kaka yangu ana duka Kibiti. Huko akakutana na wastaafu wanaowatafuta wenzao waliokuwa kwenye ndege za vita, wale waliobaki hai, ili waitwe mbele ya watu na wanafunzi hapo Kibiti na kupewa heshima yao. Kaka akawapa jina la baba. Haukupita muda mrefu, wazee wawili wakaja nyumbani na gari. Mmoja anatembea kwa kushikwa mkono. Akasimama uani, akamwangalia baba weee.

"Mrufiji," akasema, "kumbe upo."

Baba akapiga saluti. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona akipiga saluti. Halafu wakakumbatiana wakalia kama watoto, na mimi mlangoni nikalia pia. Yule ndiye aliyekuwa rubani wake. Niliwapikia wali na kambale, wakala huku wakikumbushana majina ya wenzao, na karibu kila jina likawa la marehemu. Rubani akamwambia baba, "Katika wote waliohudumia ndege yangu, umebaki wewe. Nataka siku hiyo tusimame wawili." Baba akasema, "Nitakuja, afande."

Wageni walipoondoka, baba hakula tena vizuri. Swala anaswali, lakini akirudi anajilaza na kugeukia ukutani. Nikadhani ni malaria, nikampeleka zahanati, hawakuona kitu.

Siku moja tunapepeta ufuta, akaanza kuzungumza mwenyewe bila kuulizwa. Akasema vita vilipoelekea mwisho walipelekwa kulinda uwanja wa ndege kwenye mji mmoja ng'ambo ya mpaka. Akatumwa kutafuta maji. Akafika kwenye nyumba iliyobomoka ukuta mmoja, ndani kuna mama anaosha vyombo. Yule mama alijua Kiswahili cha kubabaisha. Akamkaribisha, akampa maji ya kunywa, akamwonyesha pale walipokuwa wamelala wanawe wawili bomu lilipoanguka. Halafu akamuuliza, "Wewe jeshini unafanya kazi gani?"

"Nikamwambia mimi ni dereva," baba akasema. "Nimekunywa maji yake, halafu nikamwambia mimi ni dereva."

Nilimwambia, baba, huenda bomu lile halikutoka kwenye ndege yenu, huenda lilikuwa la mzinga. Akasema, "Hilo najua. Hakuna anayeweza kuniambia lilikuwa la nani, na mimi sikuuliza. Sasa nisimame mbele ya wanafunzi wanipigie makofi?" Akaniomba nisimwambie mtu, na kaka nimwambie anaumwa, hawezi safari.

Nikamwambia kaka hivyo. Hakuamini. Amesema mimi ndiye ninayemtia baba unyonge, kwamba naona wivu kwa sababu jambo hili yeye ndiye amelifanikisha. Viongozi wameshaalikwa, shule zimeshaambiwa, kanzu mpya ya baba ameshaishona. "Mzee amekaa kimya miaka yote hiyo, leo nchi inamkumbuka, wewe unamficha ndani?" Na la kumjibu nimekatazwa kulisema.

Kaka ningemvumilia. Kinachoniumiza ni yule rubani. Alinipigia simu, sauti imekwisha kabisa. Anaumwa figo, anasafishwa damu kila wiki huko Dar. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sina safari nyingine. Mwambie baba yako aje. Watu watasema ya kwao, lakini mimi nataka nimwone mtu aliyekuwepo." Nikamuuliza, shida yako hasa nini, mzee wangu? Akasema, "Yeye alikuwa anabaki chini. Mimi nilikwenda nikarudi. Kuna mambo siwezi kumwambia mke wangu."

Tangu hapo sina raha. Nahisi wazee hawa wamebeba mzigo mmoja, kila mtu kwake, na hakuna anayejua cha mwenzake. Lakini sina uhakika. Je, kama rubani alikuwa na maana nyingine? Nikimweleza habari ya yule mama na wanawe, mtu mgonjwa kiasi kile, nitakuwa nimemwambia yeye ndiye aliyewaua. Na baba nitakuwa nimemvunjia amana. Nikinyamaza, rubani atakufa akijua Mrufiji wake alimkimbia.

Shughuli ni Jumamosi hii. Leo asubuhi baba ameniuliza, "Afande amepiga tena?" Nikamwambia amepiga. Akasema, "Mwambie namsalimia sana," akatoka kwenda shamba. Sijamwambia mzee wa watu lolote, na simu yake imeita mara mbili wakati naandika hapa.

Nyinyi wenye wazazi, na nyinyi mliowahi kuwa jeshini, niambieni: nipokee nimweleze, au niitunze siri ya baba yangu? Matusi sitaki, nina mengi kichwani.