Mkoba Mweusi wa Mjomba Kiungo

Jinzi mpya ina harufu yake: rangi ya buluu, wanga na vumbi la kiwandani. Wiki iliyopita nilikuwa Xintang, mji wa viwanda vya jinzi kule China, kukagua oda, na cherehani moja mbele yangu fundi alikuwa anajipaka mgongoni dawa ya kuchua, ile kali yenye kafuri. Harufu mbili zikakutana puani mwangu, na hapo hapo nikawa na miaka tisa, nimejibana kati ya marobota, nampeleleza mjomba wangu.

Tuliishi Guangzhou, karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, ghorofa ya saba isiyo na lifti. Mama alinunua jinzi, Baba alifungasha, na Mama Mkubwa alizipokea Dar es Salaam akaziuza. Nyumba yote ilikuwa marobota. Msinicheke, mimi nilijua kupanda robota kabla sijajua kutembea.

Mjomba Kassimu, mdogo wake Mama, alitua kwetu akitokea kaskazini. Kwa maelezo yake alikuwa kiungo wa mpira wa miguu: misimu mitano nyumbani, miwili Uarabuni, mitatu huku China, daraja la pili. Mkataba umekwisha, sasa anasubiri majaribio ya timu moja ya hapa Guangzhou. Akipita, kazi anayo. Asipopita, visa inakwisha na anarudi nyumbani mikono mitupu.

"Kwa maelezo yake," ndivyo Baba alivyopenda kusema, nyusi zikimpanda hadi darini.

Maana mjomba alikuwa na tabia. Kabla ya kupokea kitu chochote, alitupa jicho nyuma ya bega la kulia, kisha la kushoto. Chai, kulia, kushoto, ndipo mkono unyooke. Chenji dukani, hivyo hivyo. Sokoni wachukuzi walipokuja nyuma yetu na mikokoteni iliyopakiwa minara ya mizigo, yeye alikuwa ameshatuvuta pembeni kabla hawajapiga kelele. Nikajiuliza: mtu huyu anamwogopa nani?

"Shemeji, unamtafuta nani?" Baba alimuuliza siku moja tukila.

"Simtafuti mtu, shemeji. Naangalia nafasi."

"Nafasi ya nini? Hili ni biriani!"

Mama alicheka peke yake. Mjomba alipoinuka kunawa, Baba akanong'ona, "Asiyefuatwa hatazami nyuma. Wewe mfuge tu huyo ndugu yako. Kikulacho ki nguoni mwako." Nami, mtoto wa nyumba iliyojaa nguo, niliyapokea maneno yale kama taarifa ya polisi.

Halafu kulikuwa na mkoba. Mweusi, wenye kufuli dogo la shaba. Kila asubuhi aliondoka nao, akarudi ametoka jasho la kutosha kufulia sare za shule nzima, akichechemea kidogo, ananuka dawa ya kuchua. Anasema katoka mazoezini. Mazoezi gani ya kufungiwa kufuli? Nilishatoa hukumu: ndani mna almasi, au pasipoti za watu, au bastola, na pengine vyote vitatu. Polisi wakija, watamkamata Mama.

Alhamisi, siku mbili kabla ya majaribio, mjomba alikwenda kuoga. Baba alikuwa ameacha robota moja mdomo wazi, atalishona jioni. Nikauvuta mkoba kutoka chini ya kitanda, nikaufukia katikati ya jinzi, nikapanga nyingine juu yake. Ushahidi uende zake Dar, sisi tubaki salama. Nilipogeuka, mjomba alikuwa mlangoni, taulo shingoni.

"Zuhura, unafanya nini?"

"Nacheza."

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. "Haya, cheza."

Jioni Baba alilikanyaga robota, akalikaza kamba, akashona. Ijumaa wachukuzi wakalishusha kwenda kwenye kontena. Jumamosi asubuhi mjomba akasema haoni mkoba wake, na njumu zake zimo humo.

Njumu! Viatu vya mpira! Mama alipindua nyumba nzima. "Twende tukanunue nyingine, Kassimu, muda bado upo."

"Njumu mpya zitanichubua, dada. Acha tu."

Hakwenda. Visa ilipokwisha akarudi Dar, akaanza kufundisha watoto mpira. Mimi nikabaki na siri nzito kuliko marobota yote ya mtaa ule: nimeua kazi ya mtu kwa sababu ya kushuku.

Niliibeba hadi mwaka jana, kwenye harusi ya Mudi, mtoto wa Mama Mkubwa. Nikaungama kwake, machozi yananitoka. Mudi akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Zile njumu nilizivaa mimi, dada! Mama alifungua robota akazikuta zimepigwa brashi, zimejazwa magazeti ya Kichina. Juu kuna selotepu imeandikwa: Za Mudi. Tazama kabla ya kupokea pasi."

"Na mkoba?"

"Mkoba gani?"

Nikakaa kitako. Mimi nilifukia mkoba uliofungwa, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu. Basi kabla Baba hajashona, mtu huyo aliufukua, akatoa njumu, akazisafisha kwa safari, akazirudisha robotani, na mkoba mtupu akaupoteza mwenyewe.

Nikamtazama mjomba kule jamvini. Wenzake wote wamekunja miguu. Yeye ameunyoosha mmoja, goti halikunjiki. Nikakumbuka kule kuchechemea, na ile dawa ya kuchua. Daktari wa timu asingehitaji hata kuvaa miwani kuliona goti lile. Sisi tulimshuku, na kweli alikuwa anaficha kitu, ila tulikuwa tunachungulia chini ya kitanda. Kwa mtu aliyekula jasho la mpira miaka kumi, afadhali aseme amepoteza viatu kuliko aambiwe amekwisha, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nimempa pasi.

Nikampelekea sahani ya biriani. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akapokea.

"Mjomba, siku ile uliniona?"

"Mwanangu," akasema, anatafuta kipande cha nyama, "nilikuona tangu unalitazama kufuli."