Kitenzi “Kushea” na Mguu wa Asia

Kidonda kikianza kuoza hunuka utamu fulani wa kuchefua, kama mabibo yaliyolala chini wiki nzima. Harufu hiyo ilijaa chumba chetu Newala msimu ule mdogo wangu Asia alipochomwa na kisiki mguuni akipalilia mikorosho. Mama alimfunga kipande cha kanga, lakini nzi hawakujali. Kila asubuhi kitambaa kilibanduka na usaha wa kijani, nami ndiye niliyekifua, nikitapika pembeni.

Zilikuwa enzi za ruksa, maduka ya watu binafsi yanachipuka kila kona. Shuleni mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha kitenzi kimoja, “share”, akasema ni kugawana. Nilikipenda, kwani nyumbani tulikijua bila Kiingereza: kuku akichinjwa, anayekata nyama huchukua fungu la mwisho, wenzake wote wakishachagua. Ole wake mkataji ajipakulie kwanza! Ataitwa mlafi mpaka ahame kijiji.

Basi tukampeleka Asia kituo cha afya. Tabibu aliziba pua kwa leso, wala hakumgusa.

“Mama Zuhura, siku hizi ni kosti sheringi,” alimwambia mama, akimwita kwa jina langu. “Serikali na mwananchi tunashea gharama. Lete glavu, spiriti na bandeji, ndipo tusafishe.”

“Vinapatikana wapi, baba?”

Akaonyesha kwa kidevu duka la dawa la mkewe, ng’ambo ya barabara. Tulikwenda. Maboksi ya bandeji pale rafuni yalikuwa na muhuri wa serikali. Hata haya ya kuufuta hawakuwa nayo. Mama hakuwa na fedha. Akarudi mlangoni kwa tabibu.

“Kwetu anayekata huchukua mwisho,” alimwambia. “Ninyi mmekata, mmechukua kwanza, na mifupa mnatuuzia.”

Tabibu akacheka. Akacheka, jamani! Ptuu!

Korosho zilikuwa bado mtini, tukangoja. Wanunuzi walipofika, funza walikuwa wameshaingia kidondani. Hospitali ya misheni walijitahidi, lakini ilibidi waukate mguu chini ya goti. Asia alikuwa hajavunja hata ungo.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwenye kamusi ya Kiingereza kwamba asili ya “share” ni kukata. Sikushangaa hata kidogo. Siku hizi kimeenea kama upele: watu wanashea picha, wanashea eneo walipo, wanashea hata msiba. Kituo kile kimepakwa rangi mpya, na bado unaambiwa uje na glavu zako.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Asia kwenye semina ya akina mama Masasi. Binti mmoja wa mradi, mwenye manukato mazuri na tabasamu pana, akamwinamia.

“Mama, karibu ushee nasi kidogo.”

Asia akaegemeza magongo yake ukutani, akakaa vizuri.

“Mimi nilishashea, mwanangu,” alisema. “Bado serikali.”