Rael Aliona Treni, Mimi Nilisukuma

Enzi zetu gari halikuwa la mtu mmoja. Jina lilikuwa la mwenyewe, lakini kulisukuma kulikuwa kwetu sote. Kijijini kwetu, upande wa Kaplong, lilikuwa moja tu, la baba mkubwa, kaka yake baba yangu. Alilinunua kwa mzungu wa shamba la chai likiwa tayari limezeeka, na mvua ya masika ikianza alilifungia bandani, maana barabara zetu za udongo mwekundu hazikuwa na mchezo. Kuku walilichukua. Kiti cha nyuma kikawa cha kutagia.

Baba mkubwa alikuwa na binti wa rika langu, Rael. Wuui, nilivyomwonea wivu Rael! Sisi tulikwenda shule miguu mitupu kwenye baridi ya asubuhi, umande wa majani chai ukitulowesha magoti. Rael alikuwa na viatu, na soksi nyeupe zenye lastiki. Mama aliniambia, "Macho yatakutoka, we mtoto. Cha mwenzako si chako." Nikaendelea kutazama.

Basi mwaka mmoja mvua ilipokatika, baba mkubwa akatangaza kwamba anakwenda Londiani kumpokea mgeni wa treni. Treni! Hakuna mtoto kwetu aliyekuwa ameiona. Akasimama uani akasema, "Likikataa kuwaka, atakayesukuma ndiye atakayeona treni." Nilipiga magoti nikamwomba Mungu likatae.

Likakataa kweli. Betri ilikuwa imekufa kitambo. Hendeli, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini, ilizungushwa, ikarudi kwa nguvu ikampiga baba mkubwa mkononi, akatamka maneno ambayo Jumapili alikuwa hayajui. Tukatoa kiota cha panya chini ya boneti. Petroli iliyolala humo ilinuka vibaya, ikamwagwa, ikatiwa mpya. Plagi zilikuwa na unyevu, zikapelekwa jikoni kwa kogo, nyanya yetu, zikakaushwa kando ya moto. Masizi nayo yalikuwa yameganda, na baba mkubwa kwa haraka zake akachukua sosiot, ule ufagio mdogo wa kogo wa kuoshea vibuyu vya maziwa, akauchovya kwenye petroli, akazisugua plagi nao, kisha akaurudisha mahali pake bila kuuosha.

Bado gari likakohoa tu, likanyamaza. "Haya, watoto!"

Tukasukuma kundi zima, mabega kwenye bati, matope hadi nyusi. Na Rael? Rael alikuwa ameketi mbele, mikono mapajani, asichafue soksi. Nilisukuma kwa hasira ya zile soksi. Tulipofika mteremko wa mtoni gari likashtuka, likanguruma, likatupulizia moshi mweusi usoni. Tukapiga kelele za furaha, tukalikimbilia tupande. Halikusimama! Baba mkubwa akatoa kichwa dirishani, akatutazama nyuma: "Nikisimama litazima! Nitawaletea mkate!"

Likakata kona. Rael hata hakugeuka.

Mkate ulikuja umekauka, tukagombania makombo. Na juma zima mursik yetu, maziwa ya kibuyuni, ilinuka petroli. Kogo alionja, akatema, akauliza, "Nani amekamua gari ndani ya kibuyu changu?"

Rael aliona treni, mimi nikanywa petroli. Tangu siku ile, ukimwambia ng'ombe amezaa, atakujibu, "Mimi nilipokuwa Londiani..." Tukakua, tukaolewa, bado yuko Londiani. Mwaka jana harusini, sote tuna mvi, akawaanza wajukuu, "Watoto, mimi nilipokuwa Londiani..." Nikanyanyuka na sahani yangu, nikaenda kukaa kwingine. Kuna mambo hayazeeki.

Hawa wajukuu nao! Wanaingia garini kama wanaingia kitandani, macho kwenye simu. Treni wameipanda hadi Mombasa, wakalala njia nzima. Ukiwauliza waliona nini, wanakwambia chaji iliisha. Nawaonea wivu, na zaidi nawakasirikia, maana wamepewa vyote wala hawajui.

Siku hizi na mimi nina gari. Magoti yaliponisumbua lilikaa uani muda mrefu, na juzi nilipotaka kwenda kanisani likakataa kuwaka. Nikaenda getini nikaita watoto. Hakuja hata mmoja. Mjukuu wangu hakuinua hata kichwa: "Kogo, si upigie fundi simu?" Fundi akaja peke yake na pikipiki, akaunganisha nyaya, likawaka kabla sijamaliza kufunga mkanda. Nilikuwa nimeketi mbele, mikono mapajani, viatu vyangu safi kabisa, kama nilivyotamani maisha yangu yote. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma. Hapakuwa na mtu.

Rael nimemwachia treni yake, aende nayo. Sasa ninayemwonea wivu ni baba mkubwa, aliyetoa kichwa dirishani akaona watoto wote wale wakikimbia nyuma ya gari lake.