Kikao cha Kuhudhuria

Katika chama cha hamali wa Bondeni nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokaa shuleni, na hilo si la kujisifu, maana shule niliiacha mapema. Kabla ya hapo nilikuwa nimeosha chupa, nimekata tikiti mlangoni mwa sinema, na nimewapitisha wageni Ngome ya Yesu nikiwahadithia habari za Wareno, nyingine nikizitunga papo hapo. Kila kazi niliiacha nikishajua inavyokwenda. Chama hiki sikukiacha. Chenyewe kilinitoa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, na kila mtu alikuwa akiunda chama. Vingi vilikufa kabla ya rangi ya kibao chao kukauka. Chetu kilikuwa cha wavuta mikokoteni waliochoka na mkandarasi wao. Tulichukua magunia kwenye maghala ya Shimanzi, tukayavuta mpaka bandari ya kale. Malori yalikuwa yameshaanza kutunyang'anya kazi. Kilichotubakisha ni sifa moja tu, kwamba mzigo wetu hauanguki. Wahindi wenye maduka walikuwa wakisema hivyo wenyewe. Siku utakapoanguka, tumekwisha, na hakuna kati yetu asiyelijua hilo.

Ulikuwa hauanguki kwa sababu ya jambo ambalo sijaliona pengine popote. Mkuu wetu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani aliyegombana na wenye chuo, akaja kuvuta mkokoteni kwa hasira. Ndiye aliyetuwekea kikao. Kila alfajiri, kabla ya kugusa kamba, tulikaa barazani na kahawa, kimya, kila mtu ajitazame ndani: mwili ukoje, moyo uko wapi. Kahawa ikiisha, kila mmoja aseme alichokikuta.

"Mtu akiswali na moyo wake uko sokoni," alikuwa akituambia, "aliyeswali ni nani? Na mkokoteni ni vivyo hivyo. Asiyehudhuria asishike."

Mwanzoni tulikichekea kikao hicho.

"Mimi nimekuta njaa," alisema mmoja wetu, mnene kidogo.

"Hiyo hata sisi tunaiona, bwana. Hukuwa na haja ya kufumba macho."

Lakini kilifanya kazi. Aliyesema bega limemuuma usiku kucha alipelekwa nyuma kusukuma. Waliosema wana kinyongo hawakufungwa mkokoteni mmoja. Masika yalipoigeuza njia ya Shimanzi kuwa tope tupu, vyama vingine vilipigana mpaka vikavunjika. Sisi tulikaa, tukanywa kahawa, watu wazima wakasema wanaogopa, kisha tukagawana kazi upya. Nami, niliyekuwa siamini kitu kwa zaidi ya mwezi, nikaamini. Nilidhani nimeona siri ya watu kudumu pamoja.

Aliyeshika mbele katika mkokoteni mkubwa alikuwa mtu mzima tuliyemwita sote Ami. Mshika mbele ndiye anayeiona njia, na kwenye mteremko ndiye anayeuzuia mzigo kwa mgongo wake. Ni cheo, na Ami alikivaa kama kanzu ya Idi. Kisha nikaanza kuona mambo. Akinyoosha mkono kuchukua kahawa, vidole vyatua kando ya kikombe. Ukimpita bila kusema, hakuamkii. Mboni zake zilikuwa zimeingia ukungu.

Niliyoyaona mimi waliyaona wote. Nalisema hili kwa sababu baadaye ilidaiwa kwamba hakuna aliyejua. Niliwaona wakimsogezea kikombe kidogo kidogo mpaka kigonge vidole vyake, huku wakitazama pembeni. Zamu yake ya kusema ikifika, yeye husema, "Alhamdulillahi, njema," nao huitikia, "Alhamdulillahi." Alikuwa anamwoza binti yake, na watu wa bwana harusi wana masikio. Kwetu, kuiona aibu ya mwenzako na kuisitiri ni ibada. Basi wakasitiri, na kila asubuhi wakampa mkokoteni.

Siku moja zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi nimekuta hofu. Naogopa macho ya Ami."

Watu wakatazama vikombe vyao vitupu.

"Macho yangu yamefanya nini?" akauliza Ami.

"Huoni, Ami. Na ule mteremko wa bandarini..."

"Tangu lini umekuwa daktari?" mmoja akanikatiza. "Shule yenyewe ilikushinda!"

Wakacheka, kwa kushukuru kwamba wamepata cha kuchekea. Mkuu hakucheka. "Tuliambiana mtu aseme alichokikuta ndani yake," akasema. "Hatukusema apekue ya mwenziwe."

"Hofu nimeikuta ndani yangu. Si yangu?"

"Huna adabu. Mtake radhi Ami yako."

"Mwacheni," akasema Ami, huku ameshasimama. "Leo nashika mimi. Na kesho nashika mimi. Aje atazame yeye mwenye macho."

Sikutaka radhi. Wakaniambia nisirudi, nami nikarudi Ngomeni kwa Wareno wangu.

Harusi haijafika, waashi walirundika mawe kwenye mteremko wa kushukia bandari ya kale. Gurudumu la mkokoteni mkubwa likapanda rundo, mzigo ukapinduka, na Ami akavunjika nyonga. Nilifika watoto wakichota sukari kwa viganja kwenye mtaro, wakicheka. Wenye maduka walikuja kumpa pole kwa heshima zote, na mzigo uliofuata wakaupakia kwenye lori.

Chama kilikaa kikao mara ya mwisho. Sikuwapo; alinisimulia yule mnene. Walikunywa kahawa, wakafumba macho, kisha mkuu akauliza kila mmoja amekuta nini. Mmoja mmoja wakajibu, "Njema, alhamdulillahi." Baada ya hapo hawakukutana tena, na baraza ile akapangishwa mshona magodoro.

Nilikwenda kumtazama Ami. Alikuwa amelala ukumbini, uso kaugeuzia ukutani. Nilipotoa salamu akaijua sauti.

"Wewe ndiye uliyenivunja," akasema.

"Mimi, Ami?"

"Nilikuwa nimeshaazimia kuacha. Harusi ikipita tu, niache. Ungalinivuta uchochoroni ukaniambia tukiwa wawili tu, ningaliacha siku ile ile. Umenisema mbele ya watu. Ningaliachaje?"

"Na wenzako je? Mbona wao hawakukuvuta uchochoroni?"

"Wale waliniheshimu," akasema.

Nimelizungusha neno hilo katika kila mji niliopita, na bado linanichoma. Wao walionyamaza walimheshimu; mimi niliyesema nilimvunja. Na huenda hilo la uchochoroni ni kweli, ndiyo maana linanichoma zaidi.

Mkewe akaleta kahawa, akaiweka kwenye kigoda. Ami akanyoosha mkono, vidole vikapapasa mbao. Bila kufikiri nikakisogeza kikombe kidogo kidogo, kama walivyokuwa wakifanya wale, mpaka kikamgonga.

Akaurudisha mkono.

"Kirudishe kilipokuwa," akasema.

Nikakirudisha.