Mshenga wa Mama

Haya jamani, sogeeni, na mwenye kutafuna karanga atafune polepole, maana hii yangu ni ya kunong'ona.

Usiku ule nimelala namuwaza mama. Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau. Mimi mwenyewe ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Kesho yake kaka Shaabani anakuja kumhamishia kwake Morogoro, kwenye nyumba ambayo wenyewe wakienda kazini atafungiwa ndani mpaka jioni. Mama akiulizwa kitu ananyamaza, na kaka anasema, "Si kanyamaza? Kakubali huyo."

Basi ndotoni namwona Mzee Kombo, mshenga aliyemposea baba. Kafa zamani, tulimzika kwa mikono yetu. Kavaa kanzu ndefu hiyo, yeye keshakaa, upindo bado unaingia mlangoni. Mara chumba kimekuwa ukumbi, ukoo mzima umejaa, mama yuko katikati, mdogo kama kifaranga, na maneno yanampita juu ya kichwa. Nataka kumsemea. Mdomo umejaa ugali, tonge kama mlima wa Usambara, nalitafuna, linaongezeka. Kaka anambeba mama begani kama mkeka uliokunjwa. Mimi natafuna tu.

Mzee Kombo ananitazama. "Mwari siku ya ndoa akinyamaza, tunasema kakubali," ananiambia. "Mama yako si mwari. Mshenga wake nani?"

Nikaamka nalia, mto umelowa mpaka ungefuga perege.

Asubuhi kaka huyo kafika, begi la mama liko mlangoni. Nikamwambia, "Kaka, leo mimi ndiye mshenga wa mama. Aulizwe mwenyewe, na tumsubiri."

"Atajibu nini, mdogo wangu? Hata mimi hanijui."

Nikapiga magoti. "Mama, huyu anataka kukuchukua ukakae kwake. Unasemaje?"

Kimya. Kaka akanyanyua begi, nikamshika mkono. Tukasubiri. Chai ikapoa, kuku akataga, akaatamia, akaangua, mama yuko kimya. Mimi bado nimepiga magoti.

Mwisho mama akamkagua kaka kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akaniinamia sikioni, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Mwambie mimi nina mume, na jikoni kwangu siondoki."