Mama Zangu Watatu

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, njo taabu ilianza. Mama aliyenizaa alikufa na kidonda cha titi huko Uvira, Kongo, nami nikatoka shule darasa la pili nilee wadogo. Dada zake wawili, mama mkubwa na mama mdogo, walitulea kwa zamu, na titi likawamaliza nao kabla sijaolewa. Kushona nilijifunza kwa kuangalia mikono ya watu. Mashine ya kwanza niliinunua mwenyewe. Ninayasema haya mujue ni nani aliyefundisha madaktari Lilongwe.

Binti yangu mkubwa alitolewa titi akiwa na miaka thelathini na mbili. Kipande cha nyama kilipelekwa maabara ya Lilongwe. Huko kuna daktari, mwanamke wa Kimalawi, anayefundisha madaktari vijana kusoma nyama za wagonjwa, na kusoma damu pia: kama ugonjwa umejizukia tu, ama unatembea ndani ya ukoo. Alituita darasani, wanafunzi wake wajizoeze kuuliza. Alituambia wazi kwamba kipimo cha damu ile ni adimu, kinapelekwa mbali, hakipewi kila mtu. Mchoro wa ukoo ndio utakaosema kama binti yangu apimwe. Na mimi nilikuwa na binti wa pili Dzaleka, kambi ya wakimbizi tunakoishi, ananyonyesha. Kama iko ndani ya damu, basi naye yuko hatarini. Hilo ndilo lililonipeleka, si soda waliyotuahidi.

Tulipitia kwanza soko la Old Town nikanunua uzi, maana Lilongwe siendi bure. Darasani walikuwa sita, makoti meupe, nyuso za watoto. Mmoja mwembamba, mwenye miwani, njo alipewa kuniuliza. Binti yangu alitafsiri, kwa sababu Chichewa changu mimi ni zikomo, yaani asante, na kubishana bei ya vitambaa.

"Agogo," akaanza, kama wanavyoita wazee huko, "nani mwingine kwenu aliugua titi?"

"Mama zangu watatu. Wote walikufa."

Binti akatafsiri vile vile. Kijana akachora ubaoni, akawaambia wenzake maneno, wakatikisa vichwa. Binti akaninong'oneza: "Mama, anasema haiko ndani ya damu. Kipimo hakitahitajika."

Mimi kitabu sijui sana, lakini mchoro naujua. Patroni za nguo, zile karatasi za kukatia kitambaa, nimezisoma miaka arobaini. Niliona mraba mmoja, na duara tatu zimefungwa kwake kama mbuzi kwenye kijiti.

"Huu mraba ni nani?"

"Baba yako," binti akajibu.

"Na hizi duara?"

"Bibi zake batatu aliooa. Mmoja alikuzaa, bengine babili si damu yako."

Nikasimama. "Bibi batatu? Baba yangu alikuwa katekista!"

"Mama, si we njo umesema mama batatu?"

"Nilisema mama! Bibi za baba nilisema saa ngapi?"

Nikamweleza binti yangu: mama mkubwa na mama mdogo, tumbo moja na mama yangu. Hakuwahi kuwaona, walikuwa chini ya udongo kabla hajazaliwa. Alipotafsiri, yule daktari mwalimu wao akacheka mpaka akashika meza. Akamuuliza yule kijana kwa Chichewa: kwenu, mdogo wa mama yako unamwita nani? Kijana akajibu chini chini: "Amayi aang'ono." Hiyo hata mimi niliisikia. Ni mama mdogo, neno kwa neno.

"Kumbe!" nikamwambia. "Nyumbani ni mama, ukivaa koti nyeupe anakuwa bibi ya baba?"

Darasa zima likaangua kicheko. Maskini, alifuta ubao kwa mkono wa koti lake. Nikamnyang'anya kalamu, nikachora mwenyewe: duara tatu kwenye mstari mmoja, chini yake mimi, chini yangu mabinti wawili. Kicheko kikakatika.

Mwalimu akaweka kidole kwenye duara langu, taratibu. "Agogo, kama ni hivi, huenda imepitia kwako. Hukuugua, lakini ulibeba. Kwa ushonaji wako, damu ya kila mtu ina patroni mbili, mtoto anapewa moja ya hizo."

Niliweka kalamu mezani. Halafu nikasema: "Siku moja nilikata mashati ya kwaya kwa patroni yenye kosa kwapani. Mimi sikuvaa hata moja. Lakini kwaya nzima ilishindwa kuinua mikono."

"Andikeni hiyo," mwalimu akawaambia. Wakaandika, na mwenye miwani alikuwa wa kwanza.

Damu ya binti mkubwa ilipelekwa. Jibu likarudi: kosa lipo. Wakapima mdogo: na yeye analo. Alinitazama, mtoto mgongoni. "Mama, patroni mbaya njo umenipa mimi?"

"Pole, mwanangu. Na huo mdomo pia nilikupa mimi."

Tulicheka tunalia. Sasa anachunguzwa kila wanapomwita, hajakutwa na kitu. Na kila wanafunzi wapya wakifika, mwalimu ananiita, nami naanza na swali lile lile: kwenu, dada ya mama anaitwa nani?

Leo nina mashine mbili, ya mguu na ya umeme. Mkasi mmoja ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Nyumba ya vyumba viwili, bati juu. Kuku wanne. Mabinti wawili, na vitabu vyao viwili vya hospitali. Na karatasi aliyoninakilia yule mwenye miwani, duara tatu kwenye mstari mmoja, iko kwenye msumari wa patroni zangu.